Dada Yake Lynnet

Migori, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Lynnet,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji James na mtoto wetu Caren. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Stanley amerudi jana kutoka mnada wa Ogwedhi na ng'ombe wawili ambao hakuna aliyemtuma akawanunue, na tangu asubuhi anazunguka boma akiwasifu kwa sauti ili nisiulize. Mama yuko Uriri. Goti la kushoto linamsumbua lakini fimbo ameikataa, anasema fimbo ni ya wazee.

Utashangaa kwa nini nakuandikia. Tangu Krismasi nimekupigia simu mara nne, na kila nikianza kusema jambo, mtandao wa Ndhiwa unakufa. Labda ni mtandao kweli. Unakumbuka marehemu Baba alivyotulazimisha kumwandikia kwa Kiswahili tukiwa shule za bweni, kisha akaturudishia barua zetu baada ya kuzisahihisha kwa kalamu nyekundu? Nimeona nirudie desturi hiyo. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Kwanza, pongezi. Krismasi pale nyumbani sikukupongeza vizuri. Kila mtu alikuwa anakupongeza, nikaona sauti yangu haitasikika. Kufanywa Mkuu wa Kitivo cha Ardhi na Mazingira ukiwa na miaka thelathini na tisa si jambo dogo. Mama amekata ile habari yako gazetini akaitundika sebuleni. Ameitundika juu ya picha yangu ya mahafali. Simaanishi kando yake, namaanisha juu yake, hata kilichobaki kuonekana ni viatu vyangu. Nikamuuliza, "Mama, ukuta wote huu umekosa nafasi?" Akajibu kwamba msumari ulikuwa pale.

Sasa nina swali moja. Gazeti linasema kwamba katika kozi yako mpya kila mwanafunzi anapewa kipande cha ardhi iliyoharibika katika shamba la mkulima, anakitunza kwa miaka mitatu, na mkulima mwenyewe ndiye anayetoa nusu ya alama. Mwandishi ameiita fikra mpya kabisa. Ninauliza kwa wema tu: fikra hiyo uliipata wapi?

Nisalimie James. Mwambie nimekasirika kwamba hakula kuku wangu.

Dada yako,
Priscah


Ndhiwa, 3 Machi 2024

Dada Priscah,

Amosi, nyaminwa. Nakusalimu, dada yangu. Nisamehe kwa kuchelewa. Caren amekuwa na kifua tangu katikati ya Februari, usiku anakohoa mpaka anatapika, na daktari wa hapa anataka tumpeleke Kisumu kwa vipimo. James anakusalimu na anaapa kwamba kuku alikula, mapaja mawili. Mwambie Stanley nataka kuwaona hao ng'ombe.

Nimefurahi kuiona hati yako ya mkono. Bado unaandika herufi "g" kama mtu anayetupa ndoana.

Ungekuja uone kazi yetu. Kuna korongo katika shamba la mtu mmoja anayeitwa Omanga, kilomita mbili kutoka chuoni. Alikuwa mkata miwa, sasa analima mtama na ana ulimi mkali. Korongo lenyewe lina kina cha watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake, na kila msimu linakula hatua tatu au nne za shamba lake kuelekea nyumbani. Wanafunzi arobaini na sita wameligawana. Wanajenga vizuizi vya mawe kutoka juu kushuka chini, wanapanda mkonge na nyasi za vetiva ukingoni, wanapima udongo uliozuiliwa baada ya kila mvua. Mihadhara mingi tunaifanyia palepale. Hata vikao vya kitivo nimevihamishia korongoni, na wahadhiri wanabeba mawe kabla ya kuketi. Uenyekiti tunapokezana. Wiki jana aliongoza mpishi wetu, na kikao kilikwisha kwa dakika arobaini, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nikueleze kisa kimoja. Nina mwanafunzi anaitwa Pauline, kwenye karatasi hapati chini ya tisini. Omanga alimpa tatu kwa kumi. Msichana akaja kwangu analia. Tukaenda wote kwa Omanga, nikamuuliza sababu. Akasema, "Huyu anapanga mawe kama vikombe kwa kabati. Maji ikikuja itapita chini yake." Nilipoinama nikaona ni kweli, hakuchimba msingi. Pauline alibomoa yote akaanza upya, siku tisa. Safari hii alipewa saba, na Omanga akamwambia hiyo nyingine tatu ni ya mvua kutoa.

Kuhusu swali lako, hiyo ni hadithi ndefu. Tutazungumza tukionana.

Mdogo wako,
Lynnet


Migori, 20 Machi 2024

Lynnet,

Salamu nyingi. Pole kwa Caren, mpikie supu ya samaki na umfunike kifua. Mama amekubali fimbo, lakini ameificha nyuma ya mlango na huitumia wageni wakiondoka. Ng'ombe mmoja wa Stanley anachechemea.

Hadithi yako haiwezi kuwa ndefu kuliko barua uliyoniandikia. Uliandika kuhusu mpishi na mapaja ya kuku, ukakosa mstari mmoja wa kunijibu.

Basi nikukumbushe. Mwaka 2011 niliandika andiko la kurasa arobaini. Nililiita "Shamba Kama Darasa". Nilipendekeza mwanafunzi wa elimu ya juu asihitimu masomo ya mazingira kabla hajaponya kipande cha ardhi, na mwenye ardhi atoe alama. Niliwasilisha kwa mkuu wa chuo wa wakati ule akaniambia, "Mwalimu Priscah, wazazi hawaleti watoto hapa kushika jembe, jembe wanalo nyumbani." Likawekwa kabatini. Aliyenichapia andiko hilo kwenye kompyuta, kwenye meza ya Mama pale Uriri, wakati wa likizo, ni wewe.

Mimi ni kaimu mkuu wa idara mwaka wa sita sasa. Kila Januari wananiambia nivumilie. Wiki jana mkuu wetu mpya alileta picha yako kwenye chumba cha walimu akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Akatangaza, "Huu ndio uongozi tunaoutaka, uongozi unaorudishia ardhi uhai. Jifunzeni kwa dada yake Priscah." Siku tatu baadaye mwalimu mgeni aliponiuliza jina, mwenzangu akamjibu kwa niaba yangu, "Huyu? Huyu ni dada yake Lynnet." Miaka ishirini na miwili nafundisha udongo katika chuo hiki.

Siwezi kuja kutembea. Mwezi ujao kazi itanileta upande wenu wa Homa Bay kwa siku mbili, lakini nina shughuli nyingi na sitapata nafasi ya kupita kwako.

Priscah


Ndhiwa, 5 Mei 2024

Dada Priscah,

Salamu. Caren amepata nafuu. Ni pumu. Tulilala naye hospitali Kisumu siku sita mwezi uliopita, sasa ana dawa ya kuvuta na amejifunza kuitumia vizuri kuliko baba yake anavyotumia rimoti.

Lakini mambo mengine si mazuri. Kozi yetu imesimamishwa.

Muungano wa vyuo vya ziwani, ambao chuo chenu na chetu vyote vimo, ulituma wakaguzi watatu tarehe kumi na sita Aprili. Mimi nilikuwa Kisumu na mtoto. Tarehe ishirini na sita barua ikaja: saa za darasani hazitoshi, wakulima hawana sifa ya kutahini, wanafunzi warudishwe makwao mpaka kozi iandikwe upya. Ripoti haina majina, imeandikwa "Mkaguzi wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu". Arobaini na sita wamefungasha. Waliondoka vizuizi vikiwa vimefika nusu ya korongo, na wewe unajua kuliko mimi kwamba vizuizi vya nusu ni vibaya kuliko kukosa kabisa, maji yanakusanya nguvu nyuma yake. Omanga aliniuliza, "Nani amefunga?" Nikamwambia sijui.

Pauline aliwatembeza wakaguzi. Anasema wawili walibaki barabarani karibu na gari, lakini wa tatu, mama mmoja, alivua viatu akashuka mpaka chini kabisa. Alichukua udongo, akauvingirisha kati ya vidole, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Pauline alidhani ni mtu mwema.

Dada, mwezi wa Aprili ulikuwa mzima?

Lynnet


Migori, 13 Mei 2024

Lynnet,

Aprili nilikuwa mzima, nashukuru kwa kuuliza. Nimesikitika kusikia habari za kozi. Mambo ya kanuni ni magumu na wakaguzi nao hutumwa. Kuvua viatu kwenye tope si ajabu, watu wengi huvua.

Mama anasalimu. Stanley amemuuza yule ng'ombe anayechechemea kwa mtu wa Narok ambaye alimtazama usoni tu. Nafurahi kuhusu Caren.

Nina mitihani ya kusahihisha. Nitaandika tena.

Priscah


Ndhiwa, 1 Juni 2024

Dada Priscah,

Mvua ilinyesha hapa usiku wa Ijumaa, tarehe ishirini na nne, mpaka asubuhi. Maji yalijaa nyuma ya kizuizi cha mwisho, yakakivunja, na mawe yote tuliyoyapanga yakashuka kama yamemwagwa kutoka kwenye lori. Korongo limekula hatua kumi na moja kwa usiku mmoja. Nusu ya mtama wa Omanga imekwenda, na ukuta wa jiko, na ndama aliyekuwa amefungwa nyuma ya jiko. Watu hawakuumia.

Nilifika saa moja asubuhi. Omanga hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Sitakuuliza tena chochote.

Lynnet


Migori, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu Lynnet,

Mama mzima, Stanley mzima. Sina salamu nyingine. Nimeanza barua hii mara tano tangu Juni na kila mara nimeichoma jikoni.

Ni mimi. Unajua ni mimi, lakini lazima niliandike kwa mkono wangu. Muungano waliponiteua Februari kuwa mkaguzi, nilipewa fomu. Swali la saba lilisema: "Je, una uhusiano wa damu au wa ndoa na kiongozi yeyote wa kitivo kitakachokaguliwa?" Wewe unatumia jina la James, na pale Muungano hakuna anayetujua. Nilijaza "Hapana". Nilijiambia nimejaza hivyo ili nipate kuona kazi yako kwa macho yangu na kuisifu bila kusemwa kwamba napendelea damu yangu. Nilijidanganya hivyo kuanzia Migori mpaka Ndhiwa.

Kisha nikashuka korongoni. Lynnet, kazi ile ilikuwa nzuri. Udongo nyuma ya kizuizi cha nne ulikuwa mweusi, una mizizi, una minyoo. Katika miaka ishirini na miwili sijawahi kumfundisha mwanafunzi mmoja akajua anachojua yule Pauline. Alinieleza nusu saa bila kutazama karatasi. Halafu akasema, "Mkuu wetu anatufundisha kwamba ardhi ikiumwa, wa kwanza kuulizwa ni anayelala juu yake." Nilimuuliza, "Hayo ni maneno ya nani?" Akasema, "Ni ya Mkuu wetu, Madam Lynnet." Na macho yake yaling'aa akitaja jina lako.

Maneno hayo yapo ukurasa wa tatu wa andiko langu.

Sijui nikuelezeje wivu ule. Ulinishika hapa chini ya mbavu kama kichomi. Niliwaza: ndiye aliyepata kofia ya ukuu, ndiye aliyepata gazeti, ukuta wa Mama, na sasa huyu msichana anayeng'aa macho, ambaye alipaswa kuwa mwanafunzi wangu. Jioni hotelini wale wakaguzi wawili walitaka kupitisha kozi. Mimi ndiye niliyefungua kitabu cha kanuni. Kanuni inadai saa mia nne na themanini ndani ya darasa na ninyi mlikuwa na mia mbili na tisini. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Sikusema uongo hata mmoja katika ripoti ile. Uongo wangu wote ulikuwa kwenye fomu.

Barua yako ya Juni niliisoma nikiwa nimesimama. Wiki mbili sikuweza kufundisha habari za maji, nikawapa wanafunzi insha. Mwishoni mwa Julai nilikuja Ndhiwa bila kukwambia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Omanga, alikuwa anapalilia mtama uliobaki. Alinitazama miguu kwanza, akasema, "Wewe ndiye ulivua viatu." Nikamwambia yote, kwa Dholuo, ili nisipate pa kujificha. Kwamba ni mimi niliyefunga, na kwamba wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja. Aliendelea kupalilia. Alipofika mwisho wa mstari alisema, "Ndama ilikuwa ya msichana wangu." Basi. Akaanza mstari mwingine.

Tarehe kumi na mbili mwezi huu nimewaandikia Muungano kwamba ripoti yangu haifai kwa sababu nilijaza fomu kwa uongo. Nakala hii hapa. Mkuu wetu ameshaniita. Ukaimu umekwisha. Idara amepewa mtu niliyemfundisha mwenyewe, na nimepewa darasa la mwaka wa kwanza.

Nimekukosea. Nimewakosea wale arobaini na sita na mtoto wa Omanga. Lakini nikisema sina kinyongo nitakuwa nadanganya tena, na nimechoka kudanganya. Swali langu la Januari bado hujanijibu.

Priscah


Ndhiwa, 27 Oktoba 2024

Dada Priscah,

James anakusalimu. Caren ameanza kukimbia tena. Hizo ndizo salamu.

Nilikaa na barua yako miezi miwili. Nilijua tangu Mei. Niliposikia habari ya kuonja udongo nilijua, maana simjui mwingine anayeuonja, lakini nilikuwa nangoja uniambie hapana, nami ningekuamini. Ulipoandika "watu wengi huvua" nilitupa sahani. James aliokota vipande akaniuliza sahani imefanya nini.

Uliponijazia "Hapana" kwenye fomu, ulinikana. Uliponifungia kozi, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali nashikilia barakoa usoni mwa mtoto. Hilo la pili hukulijua. La kwanza ulilijua, na wala sikuelewi.

Kozi ilifunguliwa tarehe saba mwezi huu. Muungano wamekubali saa za korongoni zihesabiwe. Waliorudi ni thelathini na mmoja, wengine wamekwisha kuolewa, au wamepata kazi, au wamekata tamaa tu. Pauline amerudi. Wa kwanza kufika korongoni siku hiyo alikuwa Omanga, na mkokoteni wa mawe.

Sasa nakujibu.

Ndiyo, ni andiko lako. Nililichapa mwaka 2011 na nikabaki na nakala. Mwaka jana waliponiita kwenye usaili wa ukuu waliniuliza nina maono gani kuhusu kufundisha mazingira. Sikuwa na maono. Nilikuwa na shahada, na makala matatu kuhusu samaki. Usiku uliotangulia nilisoma kurasa zako arobaini mara mbili, na asubuhi nikazisema kama zangu. Mwenyekiti akavua miwani. Palepale nilijua nimepata kazi, na nilifungua kinywa niseme, "Haya ni ya dada yangu." Nikasema, "Asanteni."

Unadhani wivu ni wako peke yako? Barua zako kwa Baba zilirudi safi. Zangu zilirudi zimechinjwa, na chini ameandika, "Mwulize dada yako." Kila shule niliyoingia wewe ulikuwa umepita, na walimu walinitazama wakitafuta sura yako. Nilipopata ukuu nilitaka kitu kimoja maishani ambacho wewe hukukigusa, na hata hicho nilikichukua kutoka kwako. Ndiyo maana simu ilikuwa inakatika. Nilikuwa naizima.

Jumatano iliyopita tulikuwa na kikao kikubwa, baraza la chuo, wahadhiri, wanafunzi, wakulima kumi na wawili. Nilisimama nikasema mbele yao wote kwamba msingi wa kozi hii uliandikwa na Priscah Akeyo wa Migori miaka kumi na mitatu iliyopita, kwamba niliuchukua bila kusema, na kwamba nilipata cheo kwa maneno yake. Omanga akauliza, "Ni yule mwenye kuvua viatu?" Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa akasema, "Nyinyi watu wawili mnasumbua sana." Baraza limenipa onyo la maandishi. Bado ni mkuu, mpaka Juni, kisha watatazama upya. Jina lako limeandikwa ukurasa wa kwanza wa mtaala.

Sijakusamehe, Priscah. Nakwambia hivyo ili usije kusikia kwa Mama kwamba mambo yamekwisha. Lakini simu yangu haijazimwa.

Lynnet


Migori, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Lynnet,

Hatujambo huku. Krismasi tuliketi meza moja na tukapitishiana chumvi, na Mama alitutazama kana kwamba tulikuwa watoto wa jirani. Sasa anatembea na fimbo hadharani na anawanyooshea nayo watu. Stanley ameacha ng'ombe, anasema mwaka huu ni wa mbuzi.

Simu naiona. Nimeishika mara nyingi. Lakini yapo mambo ambayo mdomo wangu bado unayakataa na mkono unayakubali.

Nilipata nakala ya mtaala. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikaona jina langu, kitu nilichokitaka kwa miaka kumi na mitatu. Unajua nilihisi nini? Wivu. Nilikuonea wivu kwamba ulisimama mbele ya watu ukasema kosa lako kwa sauti, wakulima wakiwa wanasikiliza, na mimi langu nililiweka kwenye bahasha nikalituma ofisini. Hata katika kukosa umenishinda. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakaa nikalia, na Stanley akanichemshia chai mbaya sana.

Wivu haujaisha, Lynnet. Kuna siku naamka nao. Nimeacha kuupa majina mengine.

Nimeandika kwa sababu ya kazi. Darasa langu la mwaka wa kwanza lina wanafunzi ishirini na wanne. Januari niliwatoa nje, bila kumngoja mkuu aruhusu, nikawapeleka upande wa Nyatike kwenye mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Kuna mama mmoja pale, Dolphine, wachimbaji walikodi shamba lake wakaondoka wakamwachia mashimo saba. Yamejaa maji ya rangi ya chai, na udongo uliotapakaa kandokando una zebaki. Mbuzi wake watatu wametumbukia humo. Wanafunzi walipomwona walijipanga vizuri, nami nikaanza hotuba yangu. Nilisema sisi ni wa chuo, tumekuja kushirikiana naye kuponya ardhi, yeye atakuwa mwalimu. Maneno mazuri, yote ya kwangu, nayajua kwa moyo.

Akanikatiza. "Nyinyi mlikuja mwaka juzi. Mkaleta mashine, mkapima, mkaniambia maji iko na sumu. Mimi nilijua iko na sumu, mbuzi ilikufa. Nilitaka kujua nifanye nini, mkapanda gari." Akaingia ndani akafunga mlango.

Tulisimama uani. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa tunafanya nini?" Watoto wote ishirini na wanne wakanitazama. Nilikuwa na jibu la udongo, na jibu la nyasi gani hustahimili zebaki, na jibu la mteremko. La mlango uliofungwa sikuwa nalo. Nikasema, "Sijui. Yupo mtu anayejua. Nitamuuliza."

Andiko langu lina kurasa arobaini na hakuna hata moja inayosema mtu aingie vipi. Niliandika mezani, nikadhani mkulima yupo tu anangoja. Wewe ndiye uliyekwenda kwa Omanga, na kwa ulimi wake ule, mpaka akafungua shamba lake kwa watu arobaini na sita, na baada ya yote tuliyomfanyia akarudi wa kwanza na mkokoteni wa mawe. Hilo si langu. Hilo hukulisoma popote.

Kwa hiyo nakuuliza, na safari hii si kwa kukutega. Siku ile ya kwanza kabisa, kabla ya mawe na alama, ulipofika kwake ulisimama wapi? Ulienda na nani? Ulianza kwa kusema nini, au hukusema kitu?

Jibu upesi. Alhamisi tunarudi kwa Dolphine.

Priscah